Mgongo Bapa Si Kasi

"Lala! Lala kabisa!"

Waliokuwa wakipiga kelele hizo ni vijana waliosimama kando ya barabara ya Arusha kwenda Makuyuni, mbele kidogo ya Kisongo, Jumapili moja alfajiri. Walikuwa wakimshangilia mwenzao anayepambana na saa. Mchezo wenyewe ni rahisi kuueleza na mgumu kuucheza. Wapanda baiskeli wanaondoka mmoja mmoja, kilomita 20 kwenda na 20 kurudi. Hakuna kundi la kujificha nyuma yake wala mwenzako wa kukukingia upepo. Anayetumia muda mfupi kuliko wote ndiye mshindi.

Kijana aliyeshangiliwa alikuwa wa tatu kuondoka. Usukani wa baiskeli yake ulikuwa umeshushwa mpaka ukagota: speisa zote (pete za kuinulia usukani) zimetolewa, stemu inayoushika imelalia fremu. Alipotupita mgongo wake ulikuwa bapa, sambamba na lami, kama wa wale tunaowaona kwenye televisheni wakati wa Tour de France. Nikadandia pikipiki, nikasogea mbele kilomita kumi, nikamsubiri arudi.

Aliporudi nusura nisimtambue. Kichwa kimeinuka kama cha kobe, shingo imekunjika kwa nyuma, mabega yamepanda hadi masikioni, viwiko vimetanuka. Amesogea mbele hadi amekalia ncha ya kiti. Kila baada ya dakika mbili tatu anaachia vishikio vya mbele, anakamata usukani wa pembeni, ananyoosha mgongo, anavuta pumzi, halafu analala tena. Alipomaliza nilimkuta ameketi kwenye changarawe, amejishika kiuno.

"Shikamoo, mzee," akasema bila kuinua uso.

"Marahaba. Vipi?"

"Miguu ilikuwepo. Pumzi ndiyo sikuipata."

Kocha wake akamjibu kabla sijafungua mdomo: "Hujalala vya kutosha. Tutatafuta stemu inayoinama."

Jibu hilo nimelisikia kwa mafundi wa baiskeli, kwa makocha, kwa wauza vifaa, na kwa wapanda baiskeli hodari ninaowaheshimu. Limeshakuwa sheria isiyoulizwa: kadiri usukani unavyokuwa chini, ndivyo baiskeli inavyokwenda kasi, na anayeshindwa kuvumilia ni mlegevu, akafanye mazoezi ya kunyoosha viungo. Ninaandika kuipinga sheria hiyo. Si kweli, na inawagharimu vijana wetu sekunde, shingo, na wengine hata hamu ya mchezo.

Nianze na pale tunapokubaliana, asije mtu akasema naikana fizikia. Mpanda baiskeli kwenye tambarare, pasipo upepo, anapigana zaidi na hewa kuliko kitu kingine chochote. Ukinzani anaokutana nao unategemea uzito wa hewa yenyewe, kasi yake, na kile ambacho hapa nitakiita eneo la ukinzani, yaani ukubwa wa mwili na baiskeli mbele ya hewa pamoja na namna umbo hilo linavyoipasua. Mtu mwenye eneo la mita za mraba 0.30 akienda kilomita 36 kwa saa katika mwinuko wa pwani, hewa peke yake inamdai wati 180 hivi. Akilipunguza eneo hilo hadi 0.25 anadaiwa 150. Kwa kilomita 45 kwa saa, wa kwanza anadaiwa kama wati 350 na wa pili kama 290. Kasi ikiongezeka maradufu, nguvu inayodaiwa na hewa inaongezeka mara nane. Na sehemu kubwa ya eneo hilo, kiasi cha robo tatu, ni mwili wa mtu. Baiskeli yenyewe, hata iwe ya mamilioni, ni robo iliyobaki. Anayesema mkao una thamani kuliko fremu ya kaboni amesema kweli, nami niko upande wake.

Kosa linaingia katika hatua inayofuata, pale watu wanaporuka kutoka "jifanye mdogo mbele ya upepo" hadi "shusha usukani", kana kwamba ni jambo lilelile.

Tazameni tunavyopima mkao. Fundi anampandisha mteja juu ya baiskeli, anakwenda ubavuni, anapiga picha kwa simu, anachora mstari kutoka nyonga hadi bega. Mstari ukilala, anaridhika. Ukiinuka, anatoa speisa. Mimi mwenyewe nililipa fedha nzuri kufanyiwa hivyo miaka kadhaa iliyopita, nikatoka dukani nikijiona mshale, na msimu mzima nikawa natembea na ganzi kwenye vidole na maumivu ya shingo. Nilijilaumu. Haikunijia akilini kwamba picha ilipigwa kutoka upande ambao hewa haitoki.

Hewa unakutana nayo kwa mbele. Simama mita kumi mbele ya mpanda baiskeli, chuchumaa usawa wa kifua chake, piga picha. Mgongo hauonekani kabisa. Unachokiona ni kofia, mabega, mikono, magoti na nafasi zilizo wazi kati yake. Hicho ndicho kinachoipasua hewa. Nilimpiga yule kijana picha ya namna hiyo mchana uleule, baiskeli yake ikiwa imefungwa kwenye kifaa cha mazoezi chini ya mwembe. Kwa ubavuni alipendeza. Kwa mbele alikuwa na mabega mapana kama mlango, na kichwa kimechomoza juu yake, kwa sababu mtu aliyelazwa hivyo hana njia nyingine ya kuiona barabara ila kuinua shingo. Kile alichokipunguza kifuani alikuwa amekirudisha kwa kofia. Kati ya mikono yake kulikuwa na uwazi ambao ungepitisha ndoo. Hewa yote iliyoingia pale iligonga tumbo na mapaja.

Tukarudisha speisa tatu, sentimita tatu hivi. Tukasogeza pedi za viwiko zikaribiane. Tukainua ncha za vishikio ili mikono ipande ikaribie kidevu. Mabega yakajikunja yenyewe kwa ndani, kichwa kikashuka kikatulia katikati yake, na ule uwazi ukazibwa na ngumi. Picha ya ubavuni ikawa mbaya. Mgongo una kilima. Picha ya mbele ikaonyesha mtu mdogo zaidi. Kocha alizitazama zote mbili kwa muda mrefu, kisha akasema hiyo ya pili "haionekani ya kasi". Nataka wasomaji waishike kauli hiyo, maana ndiyo imani yote ninayoipinga. Tunaamua kasi kwa kutazama sura.

Historia ya mchezo huu haiko upande wa wanaoshusha usukani, ingawa wao ndio huitaja zaidi. Tarehe 23 Julai 1989 hatua ya mwisho ya Tour de France ilikuwa mbio dhidi ya saa, kilomita 24.5 kutoka Versailles hadi Paris. Mfaransa Laurent Fignon alikuwa anaongoza kwa sekunde 50, na karibu kila mtu aliamini zinamtosha. Mmarekani Greg LeMond aliondoka na vishikio vya mbele vilivyokuwa vikitumiwa na watu wa triathlon. Alikwenda kwa wastani wa zaidi ya kilomita 54 kwa saa, akamzidi Fignon kwa sekunde 58, akalitwaa taji kwa sekunde 8. Hakuna Tour ya wanaume iliyowahi kuamuliwa kwa tofauti ndogo kuliko hiyo.

Watu wanasimulia kisa hicho kama ushahidi wa kulala. Lakini Fignon naye alikuwa ameinama, hakukaa wima kama mtu aendaye sokoni. Kilichowatofautisha ni mikono. Ya Fignon ilishika usukani wa pembe, imetengana, kifua kiko wazi kwa upepo, kichwa hakina kofia na nywele zimefungwa nyuma. Ya LeMond ilikutana mbele yake. Aliyebuni vile vishikio, Boone Lennon, alikuwa kocha wa mchezo wa kuteleza kwenye theluji, na watu wa mchezo ule walikuwa wanajua zamani kwamba anayeteremka mlima kwa kasi hukutanisha ngumi mbele ya uso. Wazo lililobadilisha mbio dhidi ya saa duniani lilihusu mahali pa kuweka mikono. Kimo cha usukani kilikuja baadaye, kama dhana iliyojipachika.

Kisha akaja Graeme Obree wa Uskoti. Mwaka 1993 alijitengenezea baiskeli iliyokuwa na beringi za mashine ya kufulia, akaenda Hamar, Norway, kuishambulia rekodi ya saa moja aliyoiweka Francesco Moser mwaka 1984 huko Mexico, kilomita 51.151. Siku ya kwanza alishindwa. Kesho yake asubuhi, tarehe 17 Julai, misuli ikiwa bado inauma, alirudi uwanjani akaendesha kilomita 51.596. Mkao wake ulikuwa wa ajabu: mikono ameikunja chini ya kifua kama ndege aliyekunja mbawa, kifua kimeegemea mikono. Usukani wake haukuwa chini karibu na gurudumu. Ulikuwa juu, karibu kabisa na kifua. Obree aliiondoa mikono mbele ya upepo, basi.

Wakuu wa Shirikisho la Kimataifa la Baiskeli, UCI, waliupiga marufuku mkao huo mwaka 1994. Obree akabuni mwingine, wa kunyoosha mikono yote mbele usawa wa mabega, akachukua ubingwa wa dunia wa mbio za kufukuzana mwaka 1995. Mwingereza Chris Boardman akauchukua mkao huohuo, akaenda Manchester mwaka 1996, akaendesha kilomita 56.375 kwa saa moja. Nao ukapigwa marufuku. Umbali ule haukupitwa na binadamu yeyote juu ya baiskeli ya kawaida hadi Oktoba 2022, miaka 26 baadaye. Mkao uliodumu kileleni muda mrefu kuliko wote ulikuwa na usukani ulioinuliwa na kusogezwa mbele. Anayetaka kuniambia kwamba chini ndiko kwenye kasi anieleze kwanza kuhusu Manchester.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hapa ndipo hoja ya kulala inapokufa. Kwenye tambarare, ukiachia msuguano wa mataili, kasi yako inaamuliwa na uwiano kati ya wati unazotoa na eneo lako la ukinzani. Ukipunguza eneo kwa asilimia nne huku wati zikipungua kwa asilimia saba, umepoteza. Haijalishi unavyopendeza.

Mchukue mwanamichezo wa kawaida wa kwetu anayeweza kuipatia hewa wati 210 kwa saa nzima, eneo lake likiwa 0.26. Atakwenda karibu kilomita 39.75 kwa saa. Kilomita 40 atazimaliza kwa dakika 60 na sekunde 23 hivi. Mshushe usukani. Eneo linakuwa 0.25, jambo jema. Lakini nyonga imebanwa, pumzi imepungua, na sasa anatoa wati 195. Kasi yake inashuka hadi kilomita 39.3, na kilomita 40 zinamchukua dakika 61 na sekunde 5. Amelala zaidi, amechelewa sekunde 42. Katika mbio hizi sekunde 42 ni tofauti ya kupanda jukwaani na kufungasha mizigo.

Mtetezi wa kulala atasema: kijana wangu ni ngangari, hapotezi hata wati moja. Sawa, tumpe wati zote 210 na eneo la 0.25. Kasi yake akiwa amelala ni kilomita 40.27 kwa saa. Lakini ni kama yule niliyemwona Kisongo. Hawezi kukaa hivyo saa nzima. Tuseme katika dakika 60 anainuka kwa jumla ya dakika kumi tu, kunyoosha mgongo na kuvuta pumzi. Akiinuka eneo linapanda hadi 0.33 na kasi inashuka hadi kilomita 36.7. Changanya, utapata wastani wa kilomita 39.68. Yule wa 0.26, mwenye kilima mgongoni na asiyeinuka hata mara moja, amempita. Dakika kumi za kujinyoosha zimekula faida yote ya dakika hamsini za mateso, na bado zinadai chenji.

Kwa hiyo swali la kwanza kumwuliza mpanda baiskeli ni hili: mkao huu unaweza kuukaa kwa muda gani huku unakanyaga kwa nguvu zako zote? Sijawahi kumsikia fundi akiliuliza dukani. Mteja anakaa juu ya baiskeli dakika tano, anakanyaga polepole, anaulizwa "unajisikiaje", anajibu "safi".

Mwili una sababu zake za kukataa. Paja linapopanda juu na kiwiliwili kimelala juu yake, nyonga inafungwa. Misuli ya makalio, ambayo ndiyo injini kubwa kuliko zote mwilini, inafanya kazi ikiwa imevutwa kupita kiasi, na tumbo linasukumwa juu mpaka mapafu yanakosa nafasi ya kujaa. Wapo wapanda baiskeli wa kulipwa waliolazimika kufanyiwa upasuaji wa mshipa mkubwa wa damu unaopita nyongani kwenda mguuni, uliodhurika kwa miaka ya kukunjwa maelfu ya mara kila siku. Halafu kuna kiti. Usukani ukishuka, nyonga inapinduka mbele na uzito unatoka kwenye mifupa ya kukalia unahamia kwenye nyama laini. Ganzi ya sehemu za siri si kitu cha kuvumilia kiume. Wanawake wa mchezo huu wanaumia zaidi na wanasema kidogo zaidi, kwa sababu fundi ni mwanamume na aibu ni nyingi. Kocha anayemjali mchezaji wake amwulize jambo hilo waziwazi, au amtafutie mwanamke wa kumwuliza.

Watanijibu: mbona mabingwa wamelala? Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli barabarani yalifanyika Kigali, kwa mara ya kwanza katika ardhi ya Afrika, na wengi wetu tuliyafuata kama harusi ya nyumbani. Tarehe 21 Mbelgiji Remco Evenepoel alishinda mbio dhidi ya saa za wanaume, kilomita 40.6 za vilima vya Rwanda, taji lake la tatu mfululizo. Alimkamata na kumpita Tadej Pogačar aliyeondoka dakika mbili na nusu kabla yake. Siku ya pili yake mazungumzo yote ya vijiwe vya baiskeli yalikuwa jinsi Remco alivyolala.

Mimi niliona kitu kingine. Niliona kofia iliyozama kati ya mabega, ikawa kama imeota hapo. Niliona mikono iliyopanda karibu na uso, viwiko vimekutana, na kiwiliwili ambacho hakikutikisika. Evenepoel ana urefu wa sentimita 171 na nyonga iliyozoea mkao huo kwa miaka, na nyuma yake wapo wahandisi wanaopima kila badiliko. Mgongo wake uko chini kwa sababu mwili wake unaruhusu, na wamehakikisha kwa vipimo kwamba wati hazipotei. Tunachokiiga sisi ni mgongo peke yake. Wahenga walituonya kuhusu kumwiga tembo, na sote tunajua kilichompata aliyemwiga.

Na kama mabingwa wangekuwa wanatafuta chini tu, kanuni zisingebadilika zilivyobadilika. Tangu 2023 UCI inaruhusu ncha za vishikio ziinuke juu ya pedi za viwiko kulingana na urefu wa mtu: hadi sentimita 10 kwa walio chini ya sentimita 180, na hadi 14 kwa walio na 190 au zaidi. Mikono ya mabingwa imepanda. Kranki zao, vyuma vinavyoshika pedali, zimefupishwa, wengi sasa wanatumia za milimita 165, ili goti lisipande sana na nyonga ipate nafasi ya kufunguka. Hayo mawili hayatajwi madukani kwetu, maana hayaonekani kwenye picha ya ubavuni.

Kuna mtu mmoja ninayependa kuwatajia vijana. Dan Bigham wa Uingereza ni mhandisi. Tarehe 19 Agosti 2022, katika uwanja wa Grenchen, Uswisi, aliendesha kilomita 55.548 kwa saa moja na kuweka rekodi ya dunia, akiwa ni mtu aliyeajiriwa na timu ya Ineos kwa kazi ya uhandisi. Hakuwa nyota wa Tour de France. Alichokuwa nacho ni mazoea ya kupima kila kitu na kutoamini macho yake. Wiki chache baadaye, tarehe 8 Oktoba, katika uwanja uleule, Filippo Ganna wa timu hiyohiyo, Mwitaliano wa sentimita 193 mwenye nguvu za fahali, alifika kilomita 56.792. Hapo ndipo umbali wa Boardman ulipopitwa. Mmoja mfupi wa wati, mwingine mrefu wa mwili, mikao miwili tofauti, na kila mkao ulipatikana kwa kupimwa juu ya mwenyewe.

Siwezi kuacha jambo la usalama, ingawa najua wengine watasema hapo natafuta huruma. Tarehe 24 Januari 2022 Egan Bernal wa Kolombia, bingwa wa Tour de France ya 2019, aligonga nyuma ya basi lililokuwa limesimama karibu na Bogotá akiwa mazoezini juu ya baiskeli ya mbio za saa. Alivunjika paja, mbavu na pingili za uti wa mgongo, na madaktari wakamwokoa. Huyo ni mmoja wa wapanda baiskeli wenye uzoefu mkubwa duniani. Barabara yetu ya Makuyuni ina malori, bodaboda, na mifugo ya Wamasai inayokatiza bila kupiga honi. Kijana ambaye shingo yake imechoka kwa dakika ya arobaini haangalii mbele. Anaangalia gurudumu lake. Mkao usiokuruhusu kuona mita hamsini mbele ni mbovu hata kama handaki la upepo la Ulaya lingeusifu.

Basi tufanye nini? Tupime, na kupima hakuhitaji handaki. Tafuta kipande cha barabara cha kilomita mbili, tambarare, alfajiri kabla upepo haujaamka. Nguo zilezile, kofia ileile, mataili yajazwe upepo uleule. Mwenye kipimo cha wati akanyage kwa wati zilezile kwenda na kurudi, aandike muda. Kwanza mkao wa zamani, kisha mpya, kisha mpya tena, kisha wa zamani, ili uchovu na upepo visikudanganye. Asiye na kipimo atafute mteremko mpole unaoishia tambarare, aanzie alama moja bila kukanyaga, aone baiskeli inamfikisha wapi kabla haijasimama. Mkao unaomfikisha mbali ndio wenye ukinzani mdogo. Kisha, na hili ndilo kubwa, akae katika mkao huo kwenye kifaa cha mazoezi dakika 40 kwa nguvu ya mashindano bila kuinuka. Akishindwa, mkao huo si wake bado. Inua speisa moja, rudia. Mwili ukizoea baada ya miezi, jaribu kushusha tena, na saa iamue.

Naam, wapo ambao saa itawaambia washuke. Nimewaona, na niliwashusha mwenyewe kwa furaha. Ninachokataa ni kushusha kila mtu, siku ya kwanza, kwa macho.

Wiki tatu baadaye yule kijana alirudi barabara ileile na speisa zake tatu. Nilimsubiri palepale kwenye kilomita ya 30. Alikuja mikono iko chini ya kidevu, kofia iko kati ya mabega, na aliponipita hakugeuza hata jicho. Nilimfuata kwa pikipiki hadi mwisho, nikiwa nyuma kabisa nisimkingie upepo. Hakuachia vishikio hata mara moja hadi mstarini.

Makocha na mafundi wenzangu, fanyeni hivyo kwa mchezaji mmoja tu kabla ya mbio zijazo. Rudisheni speisa mlizozitupa kwenye droo, mpigeni picha kutoka mbele, mpimeni mara nne alfajiri, mwacheni akae dakika 40 bila kuinuka. Halafu njooni mniite mwongo, mkiwa na muda wake mkononi.